Bunduki ya .375 inapopoteza shabaha: kutoka skrubu hadi sifuri

Mwenye bunduki ya .375 iliyoanza kutawanya risasi hulaumu mtutu kwanza, halafu darubini, halafu risasi zenyewe. Mara nyingi vyote vitatu ni vizima. Kilicholegea ni skrubu, au mti wa kitako umevimba ukagusa chuma pasipotakiwa, na kila teke, yaani msukumo wa bunduki kurudi nyuma, linazidi kuharibu. Mwongozo huu ni wa bunduki za kukoki kwa mkono zinazotumika kwenye vitalu vya uwindaji Tanzania: Winchester Model 70, CZ 550, Ruger, na zile zilizojengwa juu ya mashine ya Mauser 98. Mpangilio wake hauruki hatua: kagua, kaza, safisha, piga hadi uweke sifuri (yaani darubini ielekee pale risasi inapogonga), kisha ndipo uamue kama kuna kifaa cha kununua. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha risasi na darubini siku moja, hutajua kipi kimetibu na kipi kimeharibu.

.375 H&H ilitolewa na Holland & Holland ya London mwaka 1912. Kichwa chake cha kawaida kina greni 300, yaani gramu 19.4, na hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde. Teke lake ni karibu mara mbili ya lile la .30-06, kaliba ya kawaida ya kuwindia, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Kinachovumilia miaka kumi juu ya bunduki ndogo hulegea hapa baada ya maboksi mawili ya risasi. Nchini Tanzania, hii ndiyo kaliba ndogo kabisa inayokubalika kwa wanyama wakubwa na hatari kama nyati na tembo, na bunduki zinazojikoki zenyewe haziruhusiwi kuwindia. Kwa hiyo yote yanayofuata yanahusu kuifanya risasi moja, ile ya kwanza, iende inapotakiwa.

Kazi zote za mezani zifanywe bunduki ikiwa tupu: komeo (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) nje, magazini wazi, kidole kimeingia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kikathibitisha. Risasi zikae chumba kingine. Upigaji ufanyike kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, au kitaluni mbele ya mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori, silaha ikiwa na leseni yake.

Usahihi kiasi gani unatosha

Matundu matatu ndani ya sentimita 5 kwa mita 100 yanatosha kabisa. Nyati hupigwa mara nyingi akiwa mita 40 hadi 80, na eneo la moyo na mapafu lina upana wa sentimita 25 hivi. Anayetumia fedha nyingi ili apunguze kundi, yaani upana wa matundu kwenye shabaha, kutoka sentimita 4 hadi 2 anatibu ugonjwa usiokuwepo. Kinachohitajika ni kwamba mtutu ukiwa baridi, asubuhi, baada ya siku tatu za kurushwarushwa ndani ya Land Cruiser, tundu la kwanza liwe palepale lilipokuwa mwezi uliopita. Jambo hili si la kujifurahisha. Nyati akijeruhiwa na kuingia kichakani, anayetangulia kumfuata ni mfuata nyayo, naye mara nyingi ana fimbo tu mkononi.

Hatua ya 1: skrubu za kitako

Andaa bisibisi ambazo ncha zake zinajaa mfereji wa skrubu sawasawa, spana ndogo ya kupima nguvu inayosoma niutoni-mita 1 hadi 8, asetoni kidogo, gundi ya skrubu ya buluu, na chupa ya rangi nyeupe ya kucha. Bisibisi ya duka la vifaa vya ujenzi ina ncha iliyochongoka kama kabari; hutoka mferejini na kukwangua skrubu, na skrubu iliyokwanguliwa haitakazika tena inavyopasa.

Simamisha bunduki, kitako chini na mtutu juu, ili jino la teke, yaani kile kipande cha chuma chini ya chemba kinachosukuma mti bunduki inapopiga, likae nyuma kabisa mahali pake. Kaza skrubu ya mbele, halafu ya nyuma. Kwa kitako cha mti mtupu kaza niutoni-mita 4 hadi 5. Kwa kitako chenye mirija ya chuma kwenye matundu ya skrubu, au chenye uti wa aluminiamu, kaza 6.5 hadi 7. Model 70 ya kawaida ina skrubu ya tatu, ya kati, mbele ya kifyatulio. Hiyo haibebi chochote. Ifikishe inapogusa, ongeza kidogo sana, acha. Ukiikaza kama zile mbili unapinda mwili wa bunduki, na makundi yatapanuka bila sababu inayoonekana.

Ukimaliza, rudisha komeo na ulifunge mara tatu. Likiwa gumu kuliko mwanzo, skrubu ya mbele ni ndefu mno na inagusa meno ya komeo. Ifupishwe kwa tupa, nusu milimita kwa wakati.

Weka mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma kinachoizunguka. Mstari huo utakuambia baadaye kwa kuutazama tu kama kitu kimesogea. Ikiwa kila baada ya risasi 20 skrubu inakubali robo mzunguko zaidi, mti unaminywa na kuliwa. Kuendelea kukaza hakuponyi. Kitako kinahitaji mirija ya chuma.

Hatua ya 2: mti na chuma

Hapa ndipo bunduki nyingi nzito zinapougua, kwa hiyo usiharakishe.

Anza na noti. Chukua noti ya shilingi elfu mbili, ipitishe chini ya mtutu mbele ya kitako, uivute kuelekea chemba. Iteleze bila kukwama hadi sentimita chache kabla ya mwili wa bunduki. Ikikwama upande mmoja tu, mti umepinda au umevimba na unausukuma mtutu pembeni. Mtutu ukipata joto msukumo unabadilika, na matundu huanza kuhama kufuata upande mmoja: la kwanza katikati, la pili kulia kidogo, la tatu kulia zaidi. Kundi lililonyooka kama mstari ni dalili ya mti kugusa. Tahadhari: baadhi ya bunduki, CZ 550 ikiwemo, zina skrubu inayoshika mtutu kwenye mti wa mbele kwa makusudi. Hapo noti itakwama na si kosa.

Kisha kidole. Weka ncha ya kidole cha shahada pale mtutu na mti wa mbele vinapokutana, nusu juu ya chuma na nusu juu ya mti. Mwenzako alegeze skrubu ya mbele, aikaze, ailegeze tena. Ngozi ya kidole huhisi mwendo mdogo kuliko jicho linavyoona. Usipohisi kitu, chuma kimelala vizuri. Ukihisi mtutu unapanda kama pumzi, mwili wa bunduki unapindwa kila skrubu inapokazwa.

Jaribio la tatu ni la masizi. Toa chuma kwenye mti. Washa kibatari, pitisha jino la teke juu ya moshi hadi uso wake wa nyuma uwe mweusi wote. Rudisha chuma kwenye mti, kaza kwa kipimo, gonga mdomo wa kitako kidogo kwa kiganja, toa tena. Tazama mti. Alama nyeusi ienee upana mzima wa jino. Ikiwa imeshika kona moja tu, teke lote linabebwa na kona hiyo, na ufa unakuja. Ufa huanza sehemu mbili: nyuma ya jino la teke, na nyuma ya mkia wa chuma pale dole gumba linapopita. Huo wa pili unazuilika. Kati ya mkia wa chuma na mti uwe na nafasi ya nusu milimita hadi milimita moja. Bila nafasi hiyo mkia hugeuka kuwa patasi, na kila risasi inapasua mti.

Kumwaga gundi ya epoksi kwenye malazi ya chuma, yaani pale chuma kinapolala ndani ya mti, ni kazi ya fundi bunduki, isipokuwa umeshawahi kuifanya. Ukikosea dawa ya kuzuia kushikamana, chuma na mti vitakuwa kitu kimoja daima. Ila mwenye bunduki ajue cha kuagiza, maana si kila fundi ataeleza. Agiza epoksi yenye unga wa chuma. Agiza uso wa nyuma wa jino la teke uguse wote, na mbele, pembeni na chini ya jino pabandikwe utepe kabla ya kumwaga ili pabaki uwazi mwembamba. Jino likigusa pande zote, chuma hakitatoka bila kubanduliwa kwa nguvu, na kitakwangua epoksi kila kinapotolewa. Agiza pia boliti mbili za kupita upande hadi upande, moja nyuma ya jino la teke na nyingine kati ya magazini na kifyatulio, kama hazipo. Epoksi iachwe saa 24 kabla ya skrubu kukazwa kwa kipimo kamili. Hii ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote utakazotumia juu ya .375.

Mti usiofunikwa vizuri hunywa unyevu. Bunduki iliyokaa Dar es Salaam masika yote kisha ikapelekwa pori la akiba la Rungwa mwezi Agosti, kwenye ukavu, itabadilika umbo. Paka mafuta ya kitani au vanishi hata sehemu zisizoonekana: ndani ya mfereji wa mtutu, kwenye matundu ya skrubu, na chini ya mpira wa kitako.

Hatua ya 3: darubini na viungo vyake

Darubini ya kaliba hii iwe ya ukuzaji mdogo: 1 hadi 4, 1.5 hadi 5, au 1 hadi 6. Kinachopaswa kukuhangaisha zaidi ya ukuzaji ni umbali wa jicho, usiopungua sentimita 9. Chini ya hapo pete ya darubini itakupasua nyusi. Umbali upimwe bunduki ikiwa begani ukiwa umesimama, kisha ujaribiwe ukiwa umekaa, kwa sababu mwili ukiegemea mbele jicho husogea.

CZ 550 na Ruger zina mahali pa kufungia pete palipochongwa kwenye chuma chenyewe, na huo ni ubora wa kweli: hakuna kitanda, yaani kipande cha kubeba pete, wala skrubu zake za kukatika. Model 70 na Mauser nyingi hutumia kitanda kinachoshikwa na skrubu ndogo za kipimo cha 6-48. Kwa .375 skrubu hizo zinafanya kazi kwa shida. Fundi anaweza kupanua matundu yawe ya 8-40, ambazo ni nene zaidi. Maboresho haya ni ya bei ndogo na yanafaa kufanywa kabla ya safari.

Funga hivi:

1. Futa mafuta yote kwa asetoni kwenye matundu, skrubu, chini ya kitanda na ndani ya pete. Mafuta yakibaki, gundi haishiki.
2. Tone dogo la gundi ya buluu kwa kila skrubu ya kitanda. Kaza niutoni-mita 2.3 kwa 6-48, karibu 3 kwa 8-40. Hakikisha skrubu ya mbele haigusi meno ya komeo wala nyuzi za mtutu.
3. Laza darubini kwenye pete za chini. Ikilala bila kulazimishwa, pete zimenyooka. Ikibidi kuisukuma ili iingie, usifunge. Utapinda mrija wake.
4. Nyoosha msalaba wa ndani kwa kuutazama pamoja na kamba yenye uzito iliyoning'inizwa mita 20 mbele yako.
5. Kaza vifuniko vya pete kwa zamu, kushoto na kulia, uwazi ubaki sawa pande zote mbili. Mwisho uwe niutoni-mita 1.7 hadi 2. Hapa usitie gundi wala mafuta, wala usikaze kwa hasira. Mrija wa darubini ni aluminiamu nyembamba.
6. Chora mstari wa rangi ya kucha kati ya pete na mrija.

Baada ya risasi 10 tazama mstari huo kwa karibu. Mstari uliokatika, nusu ya pete ikiwa nyuma ya nusu ya mrija, unaonyesha darubini inatambaa mbele kila unapopiga. Lawama nyingi zinazotupiwa darubini yenyewe huishia kwenye mstari huu.

Vilengeo vya chuma usivitoe. Darubini ikijaa maji au ikapasuka, ndivyo vitakavyomaliza safari. Kwa sababu hiyo pete za kufunguka kwa mkono zina maana, mradi ziwe za ubora: toa darubini, irudishe, piga. Tundu likihama zaidi ya sentimita 2 kwa mita 50, pete hizo hazikufai.

Hatua ya 4: mtutu

Mdomo wa mtutu kwanza, maana ndio mahali pa mwisho risasi inapogusa. Pitisha kijiti chenye pamba ukizungusha kutoka ndani kwenda nje. Nyuzi za pamba zikinaswa mahali pamoja, kuna kovu, na gesi inatoka upande huo mapema. Fundi huchonga mdomo upya kwa muda mfupi.

Kisha shaba. Vichwa vya shaba tupu vinavyopendwa sasa huacha utando mwingi kuliko vile vya risasi iliyovikwa shaba. Safisha kutoka upande wa chemba, ufito ukipita kwenye kiongozi kilichowekwa mahali pa komeo, ili usisugue kuta. Dawa ya masizi, brashi ya nailoni mara kumi, vitambaa viwili vikavu. Halafu dawa ya shaba, dakika 10 hadi 15, isilale usiku kucha ikiwa ina amonia. Kitambaa kikitoka na rangi ya buluu au kijani, bado kuna shaba. Rudia hadi kitoke cheupe. Mwisho kitambaa chenye mafuta kidogo kwa ajili ya kuhifadhi.

Mafuta hayo yafutwe kabisa kabla ya kupiga. Mtutu wenye mafuta hurusha risasi ya kwanza pengine, na mwindaji hana haja na ya pili. Na mtutu uliosafishwa hadi kung'aa mara nyingi unahitaji risasi moja au mbili kabla haujatulia. Kwa hiyo usiusafishe usiku wa kuamkia uwindaji. Pitisha kitambaa kikavu tu.

Hatua ya 5: risasi

Nunua aina mbili au tatu, boksi moja moja, na uiache bunduki ichague. Mitutu mingi ya .375 huwa na msokoto wa mifereji ya ndani wa mzunguko mmoja kwa inchi 12 na hukubali greni 270 na 300 bila shida, ila zinaweza kugonga sehemu tofauti. Ukitumia risasi laini na ngumu kwa pamoja, yaani ile inayopanuka na ile isiyopanuka, zijaribu zote mbili kwa mita 50. Zikiwa ndani ya sentimita 4 ya kila moja, umepata jozi. Zikiachana kwa sentimita 8, badilisha mojawapo. Usitegemee kukumbuka tofauti hiyo mbele ya nyati.

Ukipata aina inayofaa, nunua ya kutosha zenye namba moja ya uzalishaji kwenye boksi.

Teke huharibu risasi zilizobaki kwenye magazini. Ncha laini hujigonga ukuta wa mbele na kuwa bapa, na kichwa kinaweza kuzama ndani ya ganda. Chora alama nyembamba pale kichwa kinapoingia kwenye ganda la risasi ya chini kabisa, piga nyingine tatu juu yake, kisha itazame. Alama ikizama, aina hiyo ya risasi haijabanwa vya kutosha kwa bunduki hii.

Joto nalo lina kazi yake. Risasi zilizoachwa juu ya dashibodi mchana kutwa huwaka kwa shinikizo kubwa zaidi. Dalili ni komeo gumu kuinuka na fataki, kile kidoti cha nyuma ya ganda kinachowasha baruti, iliyosambaa ikawa bapa. Ukiona hivyo acha kupiga, ziweke kivulini zipoe, na ujue kwamba tundu lililopigwa kwa risasi ya moto halifai kuwa kipimo chako.

Hatua ya 6: kuweka sifuri

Tenga risasi 15 hadi 20. Vaa viziba masikio na juu yake vifuniko. Mifuko ya mchanga ikae chini ya mti wa mbele, kamwe isiwe chini ya mtutu, na mmoja chini ya kitako. Meza iwe ya kimo cha kupigia ukiwa umesimama au umekaa wima, maana mwili wima hurudi nyuma pamoja na teke na maumivu hupungua. Usitumie vile vishikio vilivyolemewa vyuma vizito ili bunduki isisogee. Bunduki isiporudi nyuma, teke lote linaishia kwenye mti, na vitako vimepasuka hivyo.

1. Toa komeo. Tazama shabaha ya mita 25 kupitia ndani ya mtutu, iweke katikati ya duara. Bila kusogeza bunduki, peleka msalaba wa darubini hapohapo.
2. Piga moja kwa mita 25. Rekebisha. Darubini ya kliki (hatua ndogo za kitufe cha kurekebisha) za robo dakika ya pembe husogeza milimita 1.8 kwa kliki hapa, kwa hiyo sentimita 5 ni kliki 28. Ikiwa unataka sifuri ya mita 100, risasi ya mita 25 igonge karibu sentimita 1 chini ya msalaba.
3. Nenda mita 50. Piga tatu. Rekebisha kufuata katikati ya kundi, usifuate tundu moja. Kliki moja hapa ni milimita 3.6.
4. Fungua komeo, acha mtutu upoe hadi uweze kuushika bila kuchomwa.
5. Nenda mita 100. Piga tatu. Kliki moja ni milimita 7.3, sentimita 5 ni kliki 7. Rekebisha, poza, piga tatu nyingine za kuthibitisha.
6. Kesho yake asubuhi, mtutu ukiwa baridi, piga moja. Hiyo ndiyo sifuri yako halisi.

Kwa greni 300 zenye kasi ya mita 770, na darubini iliyo sentimita 4 juu ya mtutu, sifuri ya mita 100 inaacha risasi karibu palepale kwa mita 50, sentimita 6 chini kwa mita 150, na sentimita 17 hivi chini kwa mita 200. Kwa nyati hii ndiyo nzuri. Ukiwinda pia pofu au palahala kwenye maeneo ya wazi, inua kundi sentimita 5 juu kwa mita 100. Hapo mita 150 utakuwa sentimita 2 juu, na mita 200 sentimita 7 chini, bila kugusa kliki yoyote.

Ukianza kufumba macho au kuvuta kifyatulio kwa kushtuka, acha kwa siku hiyo. Baada ya risasi 10 za .375 mezani bega huanza kudanganya. Jichunguze hivi: mwenzako akupe bunduki bila kukuambia kama ina risasi ndani. Ikiwa tupu na mdomo wake ukaporomoka chini ulipovuta, kundi baya ulilopata lilikuwa lako.

Hatua ya 7: fimbo tatu

Porini hakuna meza. Utapiga ukiwa umesimama, bunduki ikilala juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja kwa ukanda wa mpira. Mti wa mbele uwe kwenye fimbo, karibu na magazini, mtutu usiguse kitu. Mkono wa kushoto ushike fimbo na bunduki pamoja. Anza na mita 50: risasi 5 zote ndani ya sahani ya chakula, kisha mita 80. Umbali ambao huwezi kufanya hivyo mfululizo ndio mwisho wako, hata kama meza ilikuonyesha sentimita 3. Mazoezi ya kukoki, kulenga na kufyatua yafanywe nyumbani na risasi bandia, au na .22.

Vya kununua na vya kuacha

Mpira mzuri wa kitako wenye unene wa milimita 25 hupunguza maumivu, na mtu asiyeogopa bunduki yake hupiga vizuri. Urefu wa kitako uendane na mkono. Kikiwa kirefu kitanasa kwenye koti.

Kifyatulio kizuri kwa kazi hii huvutwa kwa kilo 1.5 hadi 2, bila kukwaruza njiani. Chini ya hapo, kidole chenye msisimko hufyatua kabla ya wakati. Kazi hiyo mpe fundi, na akiirudisha ijaribu mbele yake bunduki ikiwa tupu: koki, funga komeo kwa nguvu mara kumi, gonga kitako sakafuni juu ya zulia, fungua na funga usalama. Pini ikiachia hata mara moja, bunduki haijakamilika.

Kipunguza teke chenye matundu mdomoni mwa mtutu hufanya kazi, lakini hutupa mlio pembeni na nyuma, masikioni mwa mfuata nyayo aliyesimama hatua mbili kutoka kwako bila kinga yoyote. Tunashauri usikiweke kwenye bunduki ya porini. Ukitaka teke dogo ongeza uzito: bunduki ya kilo 4.5 pamoja na darubini hubebeka.

Mtutu mpya uje mwisho kabisa, na kwa wengi hauji kamwe.

Kufika kambini

Safari ya ndege na barabara mbovu huhamisha vitu. Ukifika, kabla ya chai ya jioni, tazama alama zote nyeupe, kaza panapohitajika, kisha piga risasi mbili kwa mita 50 na uandike daftarini: tarehe, aina ya risasi na namba yake, tundu lilipoangukia. Tundu likihama sentimita 5, usikimbilie kliki. Piga la pili. Yakikaa pamoja mahali pageni, rekebisha darubini. Yakiachana, hakuna kliki itakayosaidia. Fungua mfuko wa bisibisi na uanze tena hatua ya kwanza.